Bundi Aliuliza Mara Mbili Tu

"Mama, ulisaini lini?"

"Sikusaini."

"Jina lako hili hapa, kwa herufi nyekundu."

"Jina langu naliona, Tressa. Mkono wangu haujafika huko."

Kwa aliyesahau gazeti la wiki jana kwenye kiti cha kinyozi: tuko maktaba ya mji wetu, Chisholm, Jumatano, saa sita na dakika hamsini mchana, siku ya mwisho kabisa ya kudai. Nimejaza fomu ya Mama kwenye kompyuta, kwa jina na anwani tu, nimebonyeza kitufe cha kutuma, na skrini imenitemea hivi: DAI HILI LIMESHAPOKELEWA. SAINI: V. PAKKALA.

V. Pakkala ni Verna, mama yangu mzazi. Alikuwa kiti cha pembeni, koti limefungwa vifungo vyote, mkoba mapajani, kana kwamba maktaba ni kituo cha polisi na yeye ameitwa kuhojiwa.

"Kama si wewe, basi kuna mwizi," nikasema.

"Punguza sauti. Watu wanasoma."

"Waache wasikie! Mtu amekula fungu lako!"

"Labda alikuwa na njaa," Mama akasema.

Huyo ndiye mama yangu. Sasa mnaelewa kwa nini nywele zangu zinakatika nikiwa na miaka ishirini na tisa.

Hasira yangu haichoki kusimuliwa, kwa hiyo nasimulia tena, haraka. Majira ya baridi ya mwaka juzi kulungu aliruka kutoka msituni akatua juu ya boneti ya Subaru ya Mama. Kampuni ya bima, ile yenye bundi wa buluu kwenye matangazo yake, ikasema gari halitengenezeki, tutalipa thamani yake. Vyema. Kisha Bundi akakata asilimia tisa. Sababu ameiandika mwenyewe: punguzo la kupatana bei. Yaani kama gari lile lingeuzwa, mnunuzi angebembeleza bei ishuke, kwa hiyo wao wameishusha mapema kwa niaba yake.

Mama yangu na kubembeleza bei! Mwanamke ambaye akinunua kikombe cha senti hamsini uani kwa jirani huacha dola nzima na kukimbia asirudishiwe chenji!

Watu elfu kumi na moja walikatwa hivyo hivyo. Mawakili wakawaunganisha katika kesi moja, na Bundi alipoona jaji anakunja uso, akakubali kulipa. Lakini akataka iandikwe, na ikaandikwa, kwamba analipa bila kukiri kosa lolote. Yashikeni maneno hayo manne. Nitayahitaji kabla hatujaachana leo.

Fungu la Mama ni dola elfu moja mia moja na themanini. Kwa pesa pungufu za Bundi alinunua gari kuukuu ambalo giaboksi yake ilikufa mwezi Machi. Fundi Gordy Zupan anataka dola elfu moja na mia moja kuifufua. Hundi za Bundi hazitatoka kabla ya theluji kuyeyuka, lakini Gordy ni mtu. Aliniambia, "Niletee risiti ya posta yenye muhuri wa siku, nione dai limekwenda. Nitaanza kazi kesho yake."

Na gari la nini? La kwenda Cook. Baba yuko kwenye makao ya wazee huko, karibu maili arobaini, akili yake inamtoka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Mama humwona siku ya Alhamisi tu, kwa sababu Alhamisi ndiyo siku ambayo rafiki yake wa kanisani, Irma Stimac, humpa lifti. Alhamisi iliyopita Baba alimwangalia mke aliyeishi naye miaka arobaini na minne akamuuliza kama amekuja kubadilisha mashuka.

Kila siku ambayo Mama hafiki Cook, Baba anamsahau kidogo zaidi. Hilo ndilo tunaloligombania. Bundi anadhani ni giaboksi.

Nikapiga simu kwa ofisi inayosimamia malipo. Wakaningojesha kwa muziki wa kinanda dakika ishirini na mbili. Mwishowe kijana akapokea.

"Naitwa Kendrick, nikusaidieje leo?"

"Nitafutie mtu aliyeiba jina la mama yangu."

Akataka kuzungumza na Mama kwanza. Tarehe ya kuzaliwa, anwani, namba nne za mwisho za kitambulisho. Mama akajibu zote na kumshukuru kwa kila swali. Nikaweka sauti ya nje, pale kwenye baraza ya maktaba, baridi ikitupiga mgongoni kila mlango ulipofunguliwa.

"Dai lilipokelewa kwa mtandao tarehe tisa Septemba," Kendrick akasema. "Tarehe ishirini na sita likafungwa."

"Likafungwa na nani?"

"Na mdai mwenyewe."

"Mdai mwenyewe amesimama hapa anatafuna peremende!"

"Tulimpigia simu. Saini haikulingana na jina la mwenye bima, kwa hiyo ilitubidi tuthibitishe. Mazungumzo yameandikwa. Niyasome?"

"Soma."

Akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vipuri.

"Mhudumu: Mama, ungependa tuendelee na dai hili? Mdai: Aa, hapana, msijisumbue kwa ajili yangu. Mhudumu: Una hakika? Hii ni haki yako. Mdai: Wapo wanaohitaji zaidi, mwanangu. Mhudumu: Sawa, basi nitalifunga. Mdai: Asante sana. Na huko mliko mnavaa vizuri? Baridi inakuja."

Nikamgeukia Mama. Alikuwa anaangalia ubao wa matangazo, paka aliyepotea, darasa la kufuma.

"Mama."

"Nilikuwa nangoja ya tatu," akasema kwa sauti ndogo.

"Ya tatu ipi?"

"Aliuliza mara mbili tu. Angeuliza ya tatu ningekubali. Hata sauti nilishaitengeneza, Tressa. Yeye akakata."

Msomaji, nilishika ukuta.

Maana hapa kwetu ndivyo mambo yalivyo. Ukikaribishwa keki unakataa. Ukikaribishwa tena unakataa, unashika tumbo kabisa kuonyesha umeshiba. Mara ya tatu ndipo unasema, haya, kipande chembamba. Anayekubali mara ya kwanza huangaliwa kama aliyekanyaga zulia na viatu vya matope. Nimelelewa hivyo, najua. Lakini kumfanyia Bundi! Kampuni iliyompunja kwa ubembelezi ambao hakuufanya, anaikatalia haki yake kwa adabu ambayo kampuni yenyewe haiijui!

"Kijana," Mama akaisogelea simu, "wewe kwenu wapi?"

"Arizona, mama."

"Aa," Mama akasema kwa huruma tele. "Ndiyo maana."

"Kendrick," nikasema, "lifungue."

"Kwenye mtandao halifunguki tena. Mnaweza kutuma dai jipya kwa karatasi. Fomu tupu inachapishwa kutoka kwenye tovuti. Mnahitaji vitu vitatu. Namba iliyo kwenye kadi tuliyowatumia, saini ya mwenye bima kwa mkono wake, na muhuri wa posta wa leo."

"Saini ya Mama, si ndiyo?"

"Ya mwenye bima."

"Mwenye bima si ndiye Mama?"

"Kwa sababu za faragha siwezi kutaja jina la mwenye bima."

"Unazungumza naye!"

"Sijasema ni yeye, wala sijasema si yeye. Jina liko kwenye kadi. Kuna kingine naweza kukusaidia leo?"

Nikakata kabla sijasema neno ambalo mhariri angelifuta.

Nikachapisha fomu kwa senti kumi. Saa saba na nusu ilikuwa imepita. Posta inafunga saa kumi na nusu.

"Kadi iko wapi, Mama?"

"Kadi gani?"

"Ya bundi! Ilikuja na barua mwezi wa nane!"

Uso wake ukachangamka. "Aa, ile! Nzuri ile. Ngumu, tena nyuma nyeupe. Nilidhani ni ya matapeli, lakini mtu hatupi kadi nzuri hivyo. Niliandikia viazi."

"Uliandikia viazi."

"Viazi vyangu vya jibini, vya tanuri. Irma aliniomba maelezo ya mapishi kwa ajili ya kile kitabu cha kanisa. Akaomba mara tatu, nikampa."

Tukatazamana.

Irma Stimac. Aliyekuwa na kadi yenye namba. Anayejua tarehe ya kuzaliwa ya Mama kwa sababu humwokea keki kila mwaka. Na ambaye kila Alhamisi, kwa miezi saba, anaendesha karibu maili themanini kwa ajili ya giaboksi isiyo yake.

"Mwizi wetu anavaa aproni," nikasema.

"Leo Irma hapatikani," Mama akasema. "Ana msiba kanisani. Wanamzika Lorna Tveit."

"Basi twende msibani."

"Mikono mitupu?"

"Mama!"

"Siingii kwenye chakula cha msiba mikono mitupu, Tressa. Tupitie dukani walau tuchukue mkate."

"Hatupitii dukani!"

Nilimvuta mitaa mitatu, upepo ukitutwanga usoni. Mlangoni pa kanisa akagoma, akafungua mkoba, akatoa paketi yake ya peremende iliyokwisha nusu, akaikunja mdomo vizuri. Akashuka nayo ngazi za chini ya kanisa ameishika kwa mikono miwili kama keki ya arusi.

Chini kulijaa. Watu mia na ushei, sahani mkononi, foleni ikizunguka meza ya nyama na mikate midogo. Mbele kabisa, kwenye kiti chenye mto, alikaa Orville Tveit, mume wa marehemu, miaka themanini na minane. Kando yake picha ya Lorna. Na mbele ya picha, juu ya kitambaa cheupe, kati ya maua, kilikuwa kimewekwa Kitabu cha Mapishi cha Akina Mama, kile ambacho Lorna alikianzisha akiwa bibi harusi, kila ukurasa umegundishwa kadi ya mwanamke mmoja wa kanisa lile.

Irma alikuwa kwenye birika kubwa la kahawa, lile la vikombe mia.

"Verna! Tressa! Chukueni sahani."

"Aa, hapana, sisi tumeshakula," Mama akaanza.

Nikamkata. "Bi Irma, wewe ndiye uliyesaini jina la mama yangu?"

Kijiko cha Irma kikasimama ndani ya bakuli la sukari.

"Hapa si mahali pake, Tressa."

"Ndiyo au siyo?"

Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akainama. "Ndiyo."

Mama akaguna. Irma akamgeukia, na maneno yakamtoka kama yaliyokuwa yamefungiwa kabatini.

"Ningefanyaje, Verna? Mimi pia Bundi alinikata, kadi kama ile ninayo, nilishadai zamani. Nageuza viazi vyako naona namba. Ningekwambia ungesema usisumbuke. Kila Alhamisi unanisukumia dola tano za mafuta. Nakataa, unasukuma. Nakataa, unasukuma. Nimechoka kugombania dola tano, mwenzangu! Nikajaza. Kompyuta ikanitaka niape kwamba mimi ni wewe. Miaka sitini na tisa sijaapa uongo. Nikaapa, kwa ajili ya giaboksi yako."

"Ungeniambia," Mama akasema.

"Ungekataa."

"Mara mbili tu."

"Naombeni!" nikasema. "Malizeni nyumbani. Bi Irma, kadi."

"Ya nini tena? Si nilishadai?"

Nikamweleza kwa pumzi moja. Simu. Mara mbili. Arizona. Likafungwa. Leo mwisho.

Irma akaweka mkono mdomoni. Kisha macho yake yakaenda taratibu hadi kwenye meza ya maua.

"Niliigundisha," akasema. "Upande wa bundi chini."

Nilishafika mezani. Nikafunua. Maharage ya Hedvig, biskuti za tangawizi, samaki wa siki, viazi. Mwandiko wa Mama, mwembamba, umeinama kama yeye. Nikajaribu kona kwa ukucha. Haikubanduka.

"Gundi gani hii?"

"Ya mbao," Irma akasema. "Nilitaka idumu."

"Nipe ukurasa."

"Tressa, hapana. Kitabu cha Lorna hakichanwi siku ya kumzika Lorna."

"Bi Irma, saa nane kasoro dakika tano."

"Subiri watu waondoke. Saa moja tu. Tutakipeleka jikoni taratibu."

"Bundi hasubiri."

"Mwanangu," Mama akanishika mkono, "tuache. Si kitu. Tutaona mwakani."

Mwakani! Baba mwakani atakuwa anamwita nani?

Nikaushika ukurasa karibu na mshono, nikauchana.

Sijui kama mmewahi kusikia karatasi ya miaka mingi ikichanika kwenye chumba chenye watu mia waliovaa nyeusi. Foleni ilisimama. Uma wa Orville Tveit ulibaki hewani, kiazi kimening'inia.

Sikungoja mtu apumue. Nikaenda kwenye birika, nikafungua kifuniko, nikaushikilia ukurasa juu ya mvuke. Moto ukanichoma vidole, nikabadilisha mkono. Wino wa Mama ukaanza kuyeyuka. Kwanza jibini, kisha chumvi, kisha vikombe viwili vya maziwa, vyote vikatiririka vikawa mchirizi wa buluu hadi kwenye kiwiko changu. Kona ikanyanyuka. Nikavuta. Bundi akatokeza, jicho moja, kisha la pili, na chini yake namba, yote, tarakimu kumi na moja, safi kabisa.

"Ninayo!" nikapiga kelele. Ndiyo, msibani. "Mama, ninayo! Lete kalamu!"

Nikaiandika namba kwenye fomu juu ya meza ya kahawa. Nikamsogezea Mama afike kwenye mstari wa saini. Akaishika kalamu. Kisha nikatupa jicho kwenye kadi mara ya mwisho, chini ya namba, kwenye jina la mwenye bima.

Halikuwa Verna.

REINO M. PAKKALA.

Baba.

"Mama, bima ilikuwa ya Baba?"

Akasoma polepole. "Yeye ndiye aliyeinunua," akasema. "Mimi niliendesha tu. Miaka kumi na minane nimekuwa nikiandika hundi, sikuwahi kuangalia jina la juu. Niliona Pakkala, nikajua ni sisi."

"Una ile hati? Ya kusaini kwa niaba yake?"

Mama akaizungusha kalamu vidoleni.

"Mama. Wakili si alitaka kukutengenezea, Baba alipoanza kuumwa?"

"Alitaka. Nikamwambia asijisumbue."

"Aliuliza mara ngapi?"

Mama akaiweka kalamu chini.

"Mara ngapi?"

"Mbili."

Hesabuni pamoja nami. Nina namba, nina fomu, posta iko mitaa miwili kutoka hapa, na saini ninayoihitaji imo kwenye mkono wa mzee aliye karibu maili arobaini kutoka hapa, ambaye asubuhi hujijua na ikifika saa tisa hujifunga kama duka. Na sisi hatuna gari, kwa sababu Bundi alitukata pesa ya gari, na dai la kurudisha pesa ya gari linahitaji gari.

Nilicheka. Mwanamke mmoja kwenye foleni akamvuta mwenzake nyuma.

Irma hakucheka. Alikuwa ameshanyakua simu ya ukutani ya jikoni, anaongea na makao ya Cook, namba anaijua kwa kichwa. "Ndiyo, Reino. Pakkala. Yukoje leo?" Akasikiliza. Uso wake ukabadilika. Akamnyooshea Mama simu bila kusema kitu.

Mama akaiweka sikioni. Na mimi nikasogeza sikio langu.

"Bi Verna?" Alikuwa muuguzi, anaongea haraka. "Nilitaka kukupigia. Leo yuko macho kweli. Tangu asubuhi amevaa viatu. Anakuita kwa jina. Anauliza Verna yuko wapi, mbona hajaja, gari limeharibika? Njoo kama unaweza. Sijui itadumu hadi saa ngapi."

Mama akarudisha simu ukutani. Alihitaji kujaribu mara mbili ndipo ikakaa.

Irma alikuwa ameshavua aproni. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti lake pale kwenye kulabu, akatoa funguo, akazitupa juu ya meza, kati ya vikombe.

"Tangi limejaa," akasema. "Chukueni."

Chumba kizima kikamwangalia Mama. Kila mtu mle ndani alijua kinachofuata. Mimi nilijua. Irma alijua, alishavuta pumzi ya kumkaribisha mara ya pili. Aa, hapana Irma, tusikusumbue, utarudije nyumbani. Dakika tatu za adabu, na saa inakwenda.

Mama akazikwapua funguo kabla hazijaacha kulia mezani.

"Asante," akasema.

Akageuka, akaanza kutembea.

Mtu akaangusha kijiko. Irma alibaki mdomo wazi, mkono bado umenyooshwa kwa ile mara ya pili ambayo haikuhitajika. Mama yangu, Verna Pakkala, miaka sitini na saba, alizipanda ngazi mbili mbili, mkoba ukimpiga kiunoni.

Nikakunja fomu, nikaweka kadi kifuani, nikamfuata. Nikakuta njia imezibwa.

Mchungaji Corliss amesimama mwanzo wa ngazi, mpole, mikono ameikunja.

"Tressa. Kabla hujatoka, mwombe Orville msamaha. Neno moja tu."

"Nina haraka, Mchungaji."

"Umechana kitabu cha mke wake mbele ya macho yake."

"Nimekichana."

"Basi mwombe msamaha."

"Hapana."

Watu wakaguna. Orville alikuwa ananitazama na macho yake ya maji, ule uma bado mkononi. Sikumkimbia kwa macho. Nilimpenda Lorna. Alinifundisha kukanda unga kwenye meza hii hii. Lakini Orville alikaa na Lorna hadi siku ya mwisho, na hadi siku ya mwisho Lorna alijua jina lake.

"Binti yangu," Mchungaji akasema, taratibu zaidi, "nakuomba tena. Hutaki kuondoka na jambo hili moyoni. Mwambie tu pole."

"Hapana, Mchungaji."

Juu, nje, honi ikalia. Ndefu. Mama yangu hajawahi kupiga honi maishani mwake, hata yule kulungu hakumpigia.

Mchungaji akavuta pumzi. Yeye ni wa hapa hapa, amezaliwa mtaa wa pili. Anajua hesabu yetu. Watu wote walikuwa wanajua, nikaona mabega yakilegea, nyuso zikianza kulainika, kwa sababu sasa inakuja ya tatu, na ya tatu mtu hukubali, na baada ya hapo tunakunywa kahawa.

"Tressa Pakkala," akasema, "mara ya tatu nakuomba. Omba msamaha."

"Mchungaji, Bundi aliwakata watu elfu kumi na moja, na atalipa bila kukiri kosa lolote. Imeandikwa, jaji amepiga muhuri. Hakuna aliyemzibia ngazi."

"Wewe si Bundi."

"Mimi si Bundi. Mimi nakiri. Nimechana ukurasa, siku ya mazishi, mbele ya mjane wa kiume na mbele ya picha. Ni mimi, kwa mikono hii, na ungekuwa umegundishwa kwenye jeneza ningeubandua huko huko."

Honi ikalia tena.

"Na msamaha siombi. Nipishe."